Tita la Najat

Benchi la kijiwe cha Mtoni Mtongani lilikuwa ubao mmoja mnene uliotoka bandarini, na aliyeutoa huko alikuwa amekaa juu yake: Mzee Jabiri, aliyeendesha winchi gatini mpaka alipopunguzwa kazini, na ambaye mtaa mzima ulimwita Winchi. Kulia kwake alikaa Gaudens, karani mstaafu kutoka Bukoba, jina lake la kijiweni Gazeti, kwa sababu tangu magazeti ya watu binafsi yaanze kuota kama uyoga alikuwa anayasoma yote na kuyaamini yote. Faraji hakukaa. Alisimama mlangoni mwa kibanda chake cha video, chini ya sahani kubwa ya satelaiti iliyompa jina la Dishi. Mwinshehe, muuza kahawa, alikuwa ameshatua birika na sinia la kashata tangu watu watoke kuswali alasiri. Na mwishoni mwa ubao alikaa Sadallah, kikombe kikimpolea mkononi, macho yakiwa ng'ambo ya njia, kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, ambako tita la miti ya muhogo lilikuwa limeegemezwa, limefungwa kamba na kufunikwa gunia bichi. Ilikuwa Alhamisi, mwaka ule uliofuata mvua za El Nino. Kesho yake binti yake Najat alikuwa anafungishwa ndoa, na tita lilitakiwa livuke kwenda Kigamboni leo.

Kwao Sadallah binti haolewi akaenda hivihivi. Tita la mbegu humtangulia, likapandwa kwenye matuta ya wakwe kabla yeye mwenyewe hajalala huko, na mkataji wa tita siku zote ni shangazi wa bibi harusi. Mbegu yenyewe waliirithi kwa Bi Zamda, mama wa bibi yake Sadallah, na mpaka leo muhogo ule wenye vikonyo vyekundu waliuita Zamda, kama mtu wa nyumbani. Binti akitoka bila tita, watu hawaulizi sababu. Wanajua kwao wamemfuta.

— Huyo mkwe wako anakuja saa ngapi? aliuliza Winchi.

— Muda wowote, alisema Sadallah. Akishavuka na pantoni tu.

— Basi mpe tita lake aondoke. Mbona umekaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali?

Sadallah alikizungusha kikombe. Hakuwa mtu wa kumwaga ya nyumbani kwake kijiweni. Ndugu zake walimtegemea kwa kukumbuka, nani alizaliwa wapi na nani alimwoa nani, na mtu wa namna hiyo hujifunza kunyamaza. Lakini aliyoambiwa jana yalimnyima usingizi, na nyumbani hapakuwa na wa kumwambia ila mmoja, na huyo mmoja ndiye ambaye Sadallah aliogopa kumwambia.

— Yule binti wa utafiti alikuja tena shambani jana, alisema.

— Yule Mnyakyusa? Dishi alisogea. Tupo nani vile?

— Tupokigwe.

— Si ndiye aliyechuma majani akaondoka nayo kwenye barafu kama samaki? alisema Gazeti. Nilikwambia, Sadallah. Majani hayawekwi kwenye barafu kwa wema.

— Kaleta majibu.

Akayasema polepole, kama alivyoambiwa, maana aliona aibu kuyapotosha maneno ya mtu. Ndani ya muhogo wa Zamda mlikuwa na virusi vya ule ugonjwa wa michirizi, ule unaoozesha muhogo chini ya ardhi huku juu majani yanapendeza. Tupokigwe alikuwa amekata mti mmoja mbele yake na kumwonyesha alama za kahawia kwenye ganda, nyembamba kama mikwaruzo ya kucha.

— Unaumwa wapi? alisema Winchi. Mie nimekula kwako juzi, na nazi. Mweupe kama pamba.

— Ndivyo anavyosema. Wetu unaumwa lakini hauozi. Ugonjwa unao, unauvumilia. Halafu kuna vile vijinzi vyeupe vinavyokaa chini ya jani. Vinafyonza kwetu, vinahamia kwa jirani. Wa jirani ndio unaooza.

— Kama mtu aliyebeba kipindupindu na mwenyewe haharishi, alisema Mwinshehe huku akimimina.

— Mwinshehe, alisema Gazeti, watu tunakunywa hapa.

Walicheka, Sadallah hakucheka. Daladala lilisimama kona ya juu. Alinyoosha shingo. Walishuka wanawake wawili na mtu mwenye kuku. Akarudi kukaa.

— Sasa huyo binti anataka nini? aliuliza Winchi. Aung'oe?

— Anataka mbegu.

— Mbegu ya mgonjwa?

— Kwa sababu hauozi, mzee wangu. Anasema kila chenye uhai kina chembe za urithi, ndizo zinazomfanya mtoto achukue pua ya babu yake. Kwenye huu wetu iko chembe, au ziko kadhaa, bado hajajua, zinazoupa uvumilivu. Anataka kuuzalisha na mwingine unaowahi kukomaa. Miche itatoka mingi, na kila mmoja na tabia zake, kama watoto wa tumbo moja. Zamani unangoja mwaka mzima uchimbe, ndiyo ujue upi umerithi. Sasa wanajifunza kuusoma kwenye jani, mche ukiwa bado unaenea kiganjani.

— Kumpima mtoto kabla hajamjua baba yake, alisema Gazeti. Mambo haya yakifika mjini ndoa ngapi zitabaki?

— Na huu wenyewe, Zamda? aliuliza Mwinshehe. Ndiyo basi tena?

— Unasafishika. Anakata ncha ya chipukizi, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, mahali virusi havijafika bado. Anaiotesha kwenye chupa, kwenye utelezi kama wa mwani, chini ya taa ya tyubu. Inayoota ni Zamda ileile, haina ugonjwa. Lakini si leo wala kesho. Labda masika ya mwakani.

— Chupa, alisema Dishi, na sauti yake ikabadilika kama ya mtu aliyesubiri zamu yake. Mie nimemwona yule kondoo kwenye satelaiti, braza. Kondoo wa Ulaya. Kazaliwa hana baba. Wamemtoa kwenye ziwa la mama yake.

— Hata kondoo wa Temeke hamjui baba yake, alisema Winchi.

— Huyu hana kabisa, mzee. Ndiyo ishu. Leo kondoo, kesho muhogo usio na mama. Unaupanda Mtoni, unaota Ulaya.

— Nyie hamuoni mpango, alisema Gazeti, akishusha miwani. Kwanza ilikuja soko huria. Mitumba ikaingia, viwanda vya nguo vikalala. Sasa ni zamu ya muhogo. Jiulize, ugonjwa huu nani kauleta? Kuna mtu kautengeneza, kaumwaga usiku na ndege, na sasa anakuja na dawa yake.

— Binti anasema ugonjwa ulikuwapo pwani hii tangu Mwingereza, alisema Sadallah.

— Na Mwingereza ni nani? Si yuleyule?

— Umeisoma wapi hiyo ya ndege? aliuliza Dishi.

— Ukurasa wa sita.

— Ukurasa wa sita ni wa nyota, mzee Gazeti. Mie ni Mapacha, nausoma kila siku.

Winchi aligonga ubao kwa kiganja, kama alivyozoea kuashiria mzigo ushushwe.

— Sikilizeni mie niliyeona kwa macho. Nilishusha kontena la mbegu za mahindi, nyekundu kama zimepakwa rangi ya mdomo. Tukaambiwa msile. Mwenzetu mmoja, mbishi, kakaanga, kala.

— Akafa?

— Hakufa. Akaoa mke wa pili mwezi uleule. Mpaka leo hajatulia.

— Hiyo mbona ndiyo mbaya zaidi, alisema Mwinshehe.

— Na mahindi yale ukiyapanda mara moja, basi. Mwaka wa pili yanakugomea, mpaka urudi dukani. Ndicho anachotaka huyo binti. Leo mbegu unapewa na shangazi yako, kesho utapanga foleni.

— Mie naona mbali zaidi, alisema Dishi. Watachanganya chembe ya muhogo na ya pilipili na ya mafuta ya alizeti. Unachimba, unatoka umeshakaangwa, na kachumbari pembeni. Mama ntilie wote wa Temeke kazi hawana.

Hapo hata Sadallah alitabasamu kidogo, na tabasamu lenyewe likamchoma. Daladala la pili lilipita bila kusimama.

— Mnacheka, alisema. Mie mkwe yuko njiani. Nimpe tita au nisimpe?

Winchi ndiye aliyejibu, na safari hii hakuwa na mzaha.

— Mpe. Mpe na unyamaze. Mwanao asipokwenda na tita, kabla ya Jumapili Kigamboni nzima itakuwa imeshasema alikuwa na kasoro. Unaijua midomo ya watu.

— Na nikimpa, muhogo wao ukaoza?

— Utaoza wa majirani. Si umesema mwenyewe? Wa mwanao hauozi.

— Watu wa Kigamboni wanaishi kwa muhogo, mzee.

— Na mwanao ataishi kwa nini?

— Mie nasema hivi, aliingilia Gazeti. Mbegu, usimpe yule binti wa chupa. Tita, mpe mkwe. Na habari ya ugonjwa isivuke maji. Ukiitamka tu mbele ya wakwe, utakuwa umewakumbusha Boko.

Neno lile liliwashusha wote macho. Mwinshehe akainama kupulizia mkaa usiohitaji kupuliziwa.

Boko ndiko alikoolewa Tunu, dada yake Sadallah. Alikwenda na tita lake kama wote, likapandwa, likastawi. Mwaka wa pili muhogo wa jirani wa kushoto ukaoza, halafu wa kulia, halafu wa ng'ambo ya barabara. Wa Tunu ukabaki mweupe. Watu walianza kwa kuacha kumwomba chumvi. Wakamalizia kwa kumwita mchawi mbele ya mumewe, na mumewe, mtu mpole asiye na ubavu, akamwandikia talaka na kumrudisha Mtoni na sanduku lake. Tangu hapo Tunu alikaa chumba cha uani kwa kaka yake. Hakuolewa tena. Hakuwahi kulisema jambo lile, naye Sadallah hakuwahi kumuuliza. Na leo asubuhi, kwa kuwa ndiye shangazi pekee wa Najat, Tunu alikuwa amelikata tita.

— Yeye anajua? Winchi aliuliza taratibu.

— Hajui.

— Basi asijue. Uchungu wa zamani unautonesha wa nini?

Mtu mrefu mwenye kanzu ya rangi ya maziwa alikuwa ameshuka kona ya juu na alikuwa anakuja moja kwa moja kijiweni, mkono umeshainuliwa. Alikuwa Salumu, baba mdogo wa bwana harusi.

— Na yule golikipa, alisema Gazeti kwa haraka, mie ningemwacha benchi.

— Golikipa hana kosa, alisema Dishi. Tatizo mabeki.

Salumu alimpa Winchi shikamoo, akashikana mikono na waliobaki, akakaa katikati ya ubao kana kwamba alikuwa na mahali pake pale. Alikuwa mtu wa maneno mengi na sauti kubwa, mwenye sifa ya kugombana hata na nahodha wa pantoni. Mwinshehe alimpa kikombe. Alikimaliza kwa mafunda mawili.

— Mkwe, alimwambia Sadallah, wanawake kule wamenichosha. Matuta wameyainua tangu jana. Mama mkwe wake kaitangazia mtaa mzima kwamba inakuja mbegu ya Zamda, na kila jirani kaahidiwa pingili yake. Ikishashika tu, wanagawana. Kigamboni yote itakula Zamda, inshaallah.

Mpaka dakika ile Sadallah alikuwa akiliona shamba moja kichwani, na majirani wachache. Sasa aliona pingili zikitoka mkono hadi mkono, kwa nia njema kabisa, watu wakiitana na kushukuriana.

— Tita ndilo lile? Salumu alielekeza kidevu ng'ambo ya njia.

— Ndilo, aliwahi Winchi, na kabla Sadallah hajafungua mdomo akaita kwa sauti yake ya gatini: — Tunu. Mama, tuletee tita la mkwe.

Tunu alitoka uani, kanga kaifunga kifuani na nyingine kichwani, mikono bado ina utomvu. Aliinama, akajitwisha tita, akasimama kuiacha baiskeli ipite.

— Mkwe, alisema Sadallah. Tita lile lina ugonjwa.

Alisikia Winchi akivuta pumzi pembeni yake. Hakugeuka. Alimweleza Salumu yote, virusi, vijinzi vyeupe, muhogo unaobeba na usiooza, na yule binti mwenye chupa zake. Na kwa kuwa alikuwa anakimbizana na hatua za dada yake, aliyasema vibaya, ya mwisho yakatangulia na ya mwanzo yakafuata. Uso wa Salumu uliacha kucheka kidogo kidogo.

— Nani kasema haya?

— Mtaalamu. Kapima majani.

— Majani. Salumu alikiweka kikombe chini. Mabinti wenu wangapi wameshaolewa na tita hili?

— Wote.

— Na huko walikokwenda?

Sadallah angeweza kuficha. Lakini kukumbuka ndiyo ilikuwa kazi yake, na hakujua kukumbuka nusu.

— Shangazi yangu Nusaiba alikwenda Kipawa. Wa majirani ukaoza. Walisema ni mafuta ya taa yanayodondoka kwenye ndege. Dada yangu alikwenda Boko.

— Ya Boko nimeyasikia, alisema Salumu. Tuliambiwa kabla hatujaja kuposa. Kaka yangu akasema ni maneno ya watu, tukaposa. Aliinamisha kichwa, akakiinua. — Sasa nijibu moja tu, mkwe. Yupo binti wenu aliyewahi kuondoka bila tita?

Sadallah aliwapitia wote, mpaka kwa Bi Zamda mwenyewe.

— Hayupo.

— Hata mmoja?

— Hata mmoja.

— Basi mnajuaje kwamba ni miti, na si mabinti?

Ndani ya kibanda cha video mtu alikuwa akipigwa ngumi kwa Kichina. Dishi alitazama sahani yake kama vile jibu lingeshuka humo. Winchi alikuwa anaukwangua ubao kwa ukucha. Sadallah alimtafuta Tupokigwe kichwani, yule binti mfupi mwenye viatu vya mvua, na akayakuta maneno yake lakini hakuikuta hakika yake. Yeye angejibu. Alikuwa ameona ndani ya jani. Sadallah alikuwa amesikia tu.

Hapo ndipo wote walipomwona Tunu. Alikuwa amesimama nyuma ya Salumu, tita kichwani, mkono mmoja umelishika. Hakuna aliyejua amefika lini, ila uso wake ulisema amefika kitambo.

— Kaka, alisema. Haya umeyajua lini?

— Jana.

— Jana lini?

— Mchana. Shambani.

— Na leo asubuhi nilipokuomba panga, ukanipa.

Halikuwa swali. Sadallah alitafuta neno la kuanzia, harusi, wageni, haraka, na kila moja alilolishika liliona aibu kutoka.

— Ulinipa, alisema Tunu, ukanipa na jiwe la kunolea. Nimekata nikiwa natetemeka. Tangu Boko sijagusa mche wa mtu. Nikipita kwenye bustani ya jirani nashika kanga kwa mikono miwili, nisije nikaguswa na jani. Umeniona nikifanya hivyo. Ulidhani nini?

— Nilidhani ni mazoea, alisema Sadallah.

— Mtaa mzima ukikwambia jambo moja, hata mkono wako mwenyewe unauogopa. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza usiku, labda ni mie kweli. Labda uchawi ninao na sijui kama ninao. Na wewe jana mchana umepata jibu, ukalala nalo.

Mwinshehe aliacha kumimina. Salumu aliinuka kumpisha akae, lakini Tunu hakukaa. Alilitua tita chini, mbele ya miguu ya Salumu, taratibu, bila kulibwaga.

— Mkwe, mie nimetoka huko, nakwambia. Ukilichukua hili, muhogo wenu utaoza, na mtasema ni Najat. Ukiliacha, mtasema kwao hawamtaki. Sasa chagueni la kusema kabla hajafika, ili akifika alijue. Mie sikujua. Nilikuwa nawakuta wananyamaza nikiingia.

Salumu akachutama, akafunua gunia, akapitisha kidole kwenye ganda la mti mmoja, akakuta mikwaruzo ile ya kahawia, akakitazama kidole chake. Sadallah alimtazama na kumwona, kwa mara ya kwanza, kama mkulima.

— Nilidhani ni uzee wa mti, alisema Salumu. Kwetu tungepanda bila kuangalia.

Akalifunika tena.

— Nikirudi bila tita wataniuliza. Nitasema nililetewa, nikalikataa mie. Nitasema bibi harusi wetu haji kwetu kulima. Tumbane mume wake amlishe.

— Watakuona jeuri, alisema Winchi.

— Wananijua hivyo tayari, mzee. Jeuri moja zaidi haitanizidishia.

— Na mama mkwe wake, na matuta yote yale?

— Atapanda viazi. Atanuna mpaka Ramadhani. Alimgeukia Sadallah, na sauti yake ikashuka. — Lakini huyo binti wa chupa namtaka Kigamboni. Aje ayaseme haya mbele ya wanawake, kwa mdomo wake, na hayo majani yake. Mie nikiyasema nitayaharibu, kama wewe ulivyoyaharibu sasa hivi.

— Anakuja shambani Jumatatu. Nitamleta.

— Mlete.

Gazeti, ambaye hakuwahi kuiacha habari bila mwisho, alikohoa.

— Na kama wa majirani ukioza vilevile? Bila tita?

Salumu alikuwa ameshaanza kuondoka. Alisimama, mgongo ukiwa kwao. Tunu alimtazama mgongoni. Sadallah alimtazama Tunu. Salumu akatoa salamu bila kugeuka, akapanda njia kuelekea kona ya juu, na swali likabaki pale pale lilipoulizwa.

Kahawa ilikuwa ingalipo, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe. Tunu aliinama kulishika tita. Sadallah akawahi upande wa pili.

— Liache, alisema Tunu. Nimelikata mie.

— Ni zito.

— Lilikuwa zito asubuhi.

Hata hivyo hakumwondoa mkono. Wakalivusha wote wawili, kila mtu na ncha yake, bila kutazamana, mpaka uani. Miti ya muhogo haitupwi ovyo. Ukiitupa jalalani, mvua moja tu, inachipua palepale ilipoangukia. Na mibichi namna ile haishiki moto, inafuka tu na kuwaliza watu macho. Ilibidi ikatwekatwe. Tunu alichagua miti miwili iliyonyooka, akaiviringisha kwenye gunia bichi na kuilaza kivulini, kwa ajili ya Tupokigwe. Mingine akaiweka juu ya gogo. Sadallah alichukua panga la pili, akakaa chini mkabala naye, akaanza kupasua kila mti mahali penye jicho, jicho moja baada ya jingine, ili pasibaki pa kuchipua. Utomvu mweupe ukawajaa vidoleni.

Kutoka chumba cha mbele zilisikika sauti za wanawake wakiimba chini chini na kucheka.

— Najat anangoja kuambiwa kwamba limevuka, alisema Tunu. Kaniuliza mara mbili.

— Nitamwambia.

— Lini?

Sadallah alisimamisha panga. Alijua angeweza kusema kesho baada ya nikaha, au Jumatatu mtaalamu akija, na kila moja lingekuwa na sababu yake nzuri. Alijua pia kwamba dada yake anasikiliza kila silabi.

— Sasa, alisema.

Akaliweka panga chini, akanawa mikono kwenye ndoo, na kwa kuwa utomvu haukutoka wote akaifuta kwenye shuka yake, akabisha hodi kwenye mlango wa chumba ambamo walikuwa wakimpaka binti yake hina.